Kwa Nini Chumba Chetu Hakina Dasta

Luteni Zawadi, uliponipigia simu ukaniuliza lile swali lako, nilicheka mpaka mjukuu wangu akatoka jikoni kuangalia kama nimepaliwa. Ulisema kikosi kinaandaa kitabu cha historia yake kwa ajili ya sherehe. Picha za ndege za zamani mmezipata, majina ya wakuu waliopita mnayo, na orodha ya kozi zote za urubani iko tayari. Kilichowashinda ni kitu kidogo. "Bibi," ukasema, "mbona chumba cha operesheni hakina dasta? Ubao upo, chaki zipo, na kanuni inasema mtu akikosea apige mstari mmoja, aandike sahihi pembeni, atie saini. Kila tunayemuuliza anasema amekuta hivyo hivyo."

Basi nimekaa kibarazani kwangu hapa Kibaha, miwani puani, chai ya tangawizi pembeni, nawajibu wewe na wenzako wote mnaojifunza kazi ile leo. Jibu lenyewe ni refu kuliko mstari mmoja wa kitabu, na katikati yake nimo mimi nikifanya jambo la aibu. Mkiona haliwafai kwenye kitabu, liacheni. Ila mlisome kwanza.

Mimi kwenye kikosi kile cha kufundishia urubani nilikuwa karani wa ubao. Niliingia nikiwa Koplo Tekla, msichana wa bara mwenye mikono mirefu na maneno mengi, nikatoka Sajenti Tekla mwenye magoti mabovu. Sikuwahi kurusha ndege. Nilipandishwa mara moja, kama zawadi, nikatapika ndani ya kofia yangu mwenyewe. Niliposhuka nikamwambia mkufunzi asante sana afande, ardhi inanitosha.

Kazi ya ubao mnaijua, ingawa ninyi mna kompyuta pembeni. Ndege ikiruka unaandika namba yake, jina la rubani, saa aliyoruka, saa atakayorudi, na saa ambayo mafuta yake yataisha. Basi, ndiyo kazi yote. Wenzangu wa karakana walikuwa wakinitania kwamba nalipwa mshahara wa jeshi kwa kazi ya kiranja wa darasa la nne. Lakini fikirini. Kijana wa miaka ishirini na kitu yuko peke yake juu ya mapori ya Kisarawe, redio yake haifiki kwa sababu vilima vinakata sauti. Dunia nzima, kinachomkumbuka ni ule mstari wa chaki. Saa yake ya kurudi ikifika hajaonekana, karani anapaza sauti, na hapo ndipo mambo yote yanaanza: mnara unaita, gari la wagonjwa linawashwa, ndege nyingine inapaa kumtafuta. Karani akinyamaza, hakuna kinachoanza.

Aliyenifundisha hayo ni Afisa Mteule Pazi, mkuu wa chumba chetu. Alikuwa Mzaramo wa Kurui, mtu mfupi, sauti ndogo, kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi. Hakuwa mtu wa kufoka. Akikasirika alikuwa anazidi kuwa mpole, na upole ule ulitutetemesha kuliko makelele ya wakufunzi wote. Alinifundisha kulowesha ncha ya chaki kwa maji kidogo ili maandishi yasifutike mtu akipitisha bega. Alinifundisha kutazama uso wa mwanafunzi anapokuja kusaini: anayechekacheka ana hofu, anayeuliza maswali yuko salama. Na alinifundisha kusikiliza kwanza. "Tekla," alikuwa akiniambia, "mwandiko wako mzuri, ungekuwa mwalimu. Tatizo lako unaandika kabla hujasikia."

Sasa hapa ndipo kwenye uti wa mgongo wa hadithi, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Kikosi chetu kilikuwa na saa tatu. Kuna saa ya mdomo, hii yetu ya Kiswahili, ambayo jua likichomoza na kupanda kidogo ni saa moja. Kuna saa ya kizungu, iliyoko kwenye tiketi na kwenye mikono ya watu. Halafu kuna saa ya Zulu, ambayo marubani wa dunia nzima wanaitumia ili wasichanganyikiwe. Ubao wetu uliandikwa kwa Zulu, watu wake walizungumza kwa mdomo, na mikononi walivaa ya kizungu.

Mzee Pazi alikuwa na dawa yake. Saa ya mdomo ukitaka kuipeleka kwenye kizungu unaongeza sita, kila mtu anajua. Ukitaka kuipeleka kwenye Zulu unaongeza tatu. Saa nne asubuhi: nne na tatu, saba, unaandika sifuri saba sifuri sifuri. Lakini kuongeza hakutoshi. Ilikuwa lazima useme zote mbili kwa sauti, ya mdomo na ya ubao, na aliyekupa saa azirudie. Kitendo hicho alikiita kuoza saa, yaani kuifungisha ndoa. "Saa ya mdomo ni bwana harusi, ya ubao ni bibi harusi," alisema, "na ninyi wawili ndio mashahidi. Saa isiyoozwa, itaoza."

Tulimcheka sana. Lakini kabla yake mambo yalikuwa vituko. Mkufunzi mmoja alikuwa amerudi kutoka masomoni nje, bado kichwa chake kinafikiri kizungu. Akamwambia mwanafunzi, kwa Kiswahili safi, "Kesho ripoti uwanjani saa tisa." Yeye akawa uwanjani asubuhi, ndege imewashwa, anasubiri huku anafura. Mwanafunzi akatokea alasiri, buti zinang'aa, ameshiba wali wa mesi, akapiga saluti. Mkufunzi alitaka kumpeleka mahabusu. Mzee Pazi akawatazama wote wawili akasema, "Kila mmoja amefika kwa wakati wake. Saa zenu tu ndizo hazijaoana." Tangu siku hiyo hata wakuu wakawa wanaoza.

Basi na mimi nikazoea. Na ukishazoea kitu, hapo ndipo kinapokupiga.

Siku yenyewe ilikuwa msimu wa kuchoma mashamba, moshi umetanda kuanzia Kisarawe mpaka ng'ambo ya Kibaha. Mwanafunzi mmoja aliyeitwa Elibariki, kijana mrefu wa familia ya Kilutheri, mpole, mwenye tabia ya kuomba radhi hata akikanyagwa yeye, alikuwa anaruka peke yake safari yake ya kwanza ya masafa. Aende kusini mpaka juu ya Kurui, akate kwenda Magindu, arudi nyumbani. Mafuta yake ni ya saa tatu, safari yake ni ya saa moja na nusu. Aliruka saa nne asubuhi, nikaandika vizuri kabisa: sifuri saba sifuri sifuri. Fundi akanipa saa ya mafuta kuisha, saa saba mchana. Tukaioza, nikaandika moja sifuri sifuri sifuri.

Ila siku hiyo mama yangu alikuwa anakuja kutoka bara. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusafiri mbali, na tiketi aliyonisomea kaka yangu kwenye simu ilikuwa imeandikwa kizungu. Asubuhi nzima nilikuwa nazungusha hesabu ile kichwani: toa sita, ongeza sita, basi linafika Maili Moja saa saba, nitoke saa sita. Nilikuwa nimeomba ruhusa, na mwenzangu Koplo Kidawa alikubali kunipokea mapema.

Kapteni Nyoni, mkufunzi wa Elibariki, akapita mlangoni anakimbilia ndege nyingine na mwanafunzi mwingine. Akasema bila kusimama, "Elibariki anarudi saa tano na nusu." Hakuoza. Nami nilipaswa kumrudisha, kwa cheo chake hicho hicho, nimwambie afande simama tuioze. Badala yake nikasema, "Sawa, afande." Mkono wangu ukachukua tano na nusu, ukaongeza sita, kwa sababu sita ndiyo iliyokuwa kichwani tangu alfajiri. Nikaandika moja moja tatu sifuri.

Hesabuni wenyewe. Ubao sasa ulikuwa unasema kijana anatarajiwa saa nane na nusu mchana. Nilikuwa nimempa saa tatu za bure za kupotea bila mtu kumuulizia.

Saa sita nikamkabidhi Kidawa. Kanuni ilikuwa kusoma kila mstari kwa sauti na kuoza upya. Nikamwambia, "Ubao unajieleza, shoga yangu, mimi nakimbia." Kidawa hakuwa mtu wa kubisha. Akakaa kwenye kiti, mimi nikachukua kikapu changu.

Nilikuwa nimefika getini, naongea na mlinzi kuhusu bei ya samaki, nikamwona Kidawa anakuja mbio bila kofia. Mwanajeshi akikimbia bila kofia mchana kweupe, jua kuna jambo. "Afande Pazi anakuita," akasema. "Sasa hivi."

Nilimkuta Mzee Pazi amesimama mbele ya ubao, mgongo kwetu. "Hii ndege mafuta yake yanaisha moja sifuri sifuri sifuri," alisema, kwa upole ule mbaya. "Inarudi moja moja tatu sifuri. Yaani inarudi saa nzima na nusu baada ya kukauka. Mstari upi ni wa uongo?"

Kidawa akasema labda Elibariki anatua kwenye kiwanja kingine njiani aongeze mafuta. Na kweli, wiki moja kabla wanafunzi wawili walifanya zoezi hilo. Kama ndivyo, hakukuwa na haja ya kuhangaika, tungoje tu. Mzee Pazi akamtuma Kidawa mnarani akamwulize Kapteni Nyoni kwa redio, yeye akaenda chumba cha pili kupiga simu karakana. Nikabaki peke yangu na ubao.

Mimi nilijua. Nilipoona tu ile moja moja tatu sifuri, nilikumbuka tiketi ya mama. Nilijua ni sita niliyoongeza, na nilijua Elibariki amepitiliza saa yake karibu saa nzima. Na sasa niwaambie nililofanya, maana hiki ndicho nilichokaa nacho miaka yote. Nilichukua dasta. Nia yangu ilikuwa kufuta ile namba niandike sifuri nane tatu sifuri, mapema, kabla hawajarudi. Wangeukuta ubao uko sahihi. Wangesema Pazi amesoma vibaya kwa uzee, na Kidawa amelala kwenye kiti akaacha saa ya kijana ikapita. Kidawa ndiye aliyekuwa zamu. Nilifikiri yote hayo kwa muda mfupi kuliko mnavyosoma sentensi hii, na mkono ukaenda.

Nilikuwa nimefuta moja ya kwanza. Sauti ikatoka mlangoni.

"Ukifuta hapo, Tekla, mimi nimtafute mtoto wa watu kwa saa ipi?"

Hakuniita koplo. Hakuuliza nafanya nini. Aliuliza swali la kazi, na lilikuwa swali la kweli: kama ile namba ya uongo inatoweka, na mwenye kuiandika ananyamaza, yeye hana njia ya kujua kijana amepotea au anaongeza mafuta mahali. Nikatazama dasta mkononi mwangu.

"Saa tano na nusu ya mdomo, afande," nikasema. "Mimi ndiye niliyeandika. Niliongeza sita badala ya tatu. Sikuoza."

Akatazama saa yake. Ilikuwa saa sita na dakika ishirini. Akanyoosha mkono, akachukua dasta, akaitia mfukoni mwa suruali. Kisha akaenda kwenye simu, na sijapata kumsikia akiongea kwa haraka vile tena.

Kapteni Nyoni alikuwa bado hewani na mwanafunzi wake. Mnara ukamwambia apande juu kadiri awezavyo, ili vilima visimzuie, amwite Elibariki. Gari la wagonjwa likaondoka saa sita na nusu kuelekea njia ya Magindu, kwa sababu huko ndiko kona ya mwisho ya safari. Mimi nilisimama kwenye redio ya chumba chetu, kikapu bado begani, nasikiliza mluzi na mkwaruzo.

Halafu tukasikia sauti ya Elibariki, mbali, nyembamba. Alikuwa anaita tangu saa tano na robo, hakuna aliyemsikia. Moshi ulimficha Kurui, akaipita, akakata kona mahali pasipo kona.

"Unaona nini chini?" Kapteni Nyoni akamuuliza.

"Msitu, afande. Samahani, afande."

"Acha samahani. Na nini kingine?"

"Moshi."

"Geuka kaskazini. Nenda mpaka uione reli. Ukiiona, usiiache, hata ikikupeleka kwa mjomba wako. Umenielewa?"

"Nimeelewa, afande."

Kidawa alinishika mkono, na mimi nilitaka kumwambia asinishike, hajui nilichotaka kumfanyia. Hatimaye Elibariki akasema, "Nimeiona." Nikaanza kulia pale pale, na Mzee Pazi akaniambia nilie huku naandika, kwa hiyo nikaandika.

Aliifuata reli mpaka karibu na Magindu. Injini ilizima dakika chache kabla ya saa saba, sawasawa na ubao ulivyosema kuhusu mafuta. Chini kulikuwa na malisho, na kwenye malisho kulikuwa na ng'ombe. Wafugaji wakaiona ndege inashuka haina sauti. Watu wazima wale hawakukimbia wao, waliwakimbiza ng'ombe, wakamwachia kijana nafasi. Ndege ikagonga kichuguu, ikavunja pua. Elibariki akavunjika mguu, na chuma kikamchana paja vibaya. Mfugaji mmoja alilifunga paja kwa kipande cha shuka lake, akalikaza kwa fimbo, akawa anamsemesha asilale. Jina lake hatukulipata, alikuwa ameshaondoka na mifugo yake watu wetu walipotulia kuuliza. Popote alipo, mimi humtaja kanisani kila Jumapili kwa jina la Yule wa Shuka, na Mungu anamjua.

Gari la wagonjwa lilikuwa tayari njiani, likawakuta mapema. Daktari alimwambia Mzee Pazi kwamba kwa damu iliyokuwa imemtoka kijana yule, wangechelewa saa moja zaidi... hakumaliza. Na mimi nilikuwa nimemwandikia saa tatu.

Saa hizo tatu ndizo zilizokuwa zikinitisha usingizini kwa miaka. Wachache wanaojua huniambia, ah, Mzee Pazi angegundua tu, alishaona namba hazilingani. Labda. Lakini angegundua saa ngapi? Hilo silijui, na sitaki kulijua.

Jioni nikakumbuka nina mama. Nilimkuta Maili Moja amekalia mzigo wake, kuku wawili miguuni, amenuna. Nikapiga goti nikamwamkia, akaitika marahaba bila kunitazama. "Kaka yako alisema saa saba," akasema. "Sasa hivi saa kumi na moja na nusu. Huko jeshini hamna saa?" Nikamwambia tunazo tatu, mama. Nikacheka, halafu nikaanza kulia nikashindwa kuacha, naye mama akaacha kununa akanishika kichwa mbele ya wapiga debe wote.

Nilivuliwa utepe mmoja, na nilistahili. Mzee Pazi alipewa barua ya onyo, naye hakustahili. Alikuwa amemwambia mkuu wa kikosi kwamba ubao ni wake, na karani ni mkono wake tu. Lile la dasta hakulisema popote. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu, "Hilo si langu kulisema. Utalisema mwenyewe, kwa wenyewe." Akanipakia kwenye gari la kikosi akanipeleka hospitali.

Elibariki alikuwa amelazwa, mguu umening'inizwa. Nikamweleza yote, la sita na la dasta. Alinisikiliza, halafu, kama kawaida yake, akaomba radhi. "Afande Tekla, mimi nilisoma dira vibaya, wewe ukasoma saa vibaya," akasema. "Samahani, tumepotea wawili." Alikuwa na haki ya kunitukana. Mpaka leo ninavyoandika haya namshukuru kwa neno lile "wawili".

Kwa Kidawa ilikuwa ngumu zaidi. Nilimwambia, akanyanyuka akaondoka, na kwa wiki mbili alikuwa akinipitia kama nguzo ya umeme. Siku ya kumi na nne akaja na kashata kwenye gazeti, akaziweka mezani. "Ningekuwa mimi," akasema, "ningefuta ubao wote." Tukazila zote, na hadi leo ni shoga yangu, anaishi hapa hapa Kibaha na kisukari chake.

Asubuhi niliyorudi kazini, nilidhani nitapelekwa stoo. Mzee Pazi akanipa chaki, ameshailowesha ncha. Nikatafuta dasta, haipo. "Kuanzia leo," akasema, "chumba hiki hakifuti. Ukikosea, piga mstari mmoja, tuone ulichokosea. Andika pembeni, tia saini. Jioni ubao utaoshwa kwa maji, mbele ya watu wawili." Hakueleza sababu kwa mtu mwingine yeyote, na mimi nilishukuru kwamba hakueleza. Luteni Zawadi, ndiyo maana kila mliyemuuliza alikuta hivyo hivyo. Waliojua tulikuwa wachache.

Nimeona mengi baada ya hapo. Zile ndege za kufundishia tulizoziita kware, kwa sababu zilipiga kelele nyingi na kuruka chini, zilistaafu kabla yangu. Zegereni ilikuwa alama ya pori kwenye ramani zetu; leo mwanafunzi anaambiwa atafute mabati ya viwanda yanayong'aa. Ninyi mna mitambo inayomwonesha rubani mahali alipo kama nukta kwenye kioo, na nafurahi, kwa kweli nafurahi. Laiti Elibariki angekuwa na nukta ile. Lakini mjukuu wangu anasema hata kwenye simu yake saa ikiwekwa vibaya inabaki vibaya, inasubiri mtu aseme.

Elibariki aliruka tena. Akawa mkufunzi, anachechemea, na wanafunzi wake walikuwa wanamwogopa kwa jambo moja tu: hakuruhusu mtu apande ndege kabla ya kuoza saa. Sasa amestaafu, ana shamba la mananasi Kisarawe, na kila msimu ananiletea mawili makubwa. Hatuzungumzi habari za siku ile. Tunakula nanasi.

Mzee Pazi tulimzika Kurui, mimi na Elibariki na Kidawa tumesimama pamoja nyuma ya watu wa msikiti wake. Baada ya dua binti yake aliniita pembeni akanipa mfuko wa plastiki umefungwa mara nyingi. Baba yake alikuwa ameacha maagizo kwamba apewe Tekla. Nikafungua. Ilikuwa dasta ile ile, mbao yake imepasuka pembeni, na kwenye kitambaa chake bado kuna unga mweupe. Miaka yote hiyo hakuikung'uta.

Iko hapa mezani ninapoandika. Vumbi lile ni moja yangu ya kwanza, ile niliyoifuta kabla hajaniuliza swali lake, na nilibaki mtu kwa sababu aliuliza. Nimemshukuru akiwa hai, nikamshukuru kaburini, na sasa nawaachia ninyi mmalizie.

Siku ya sherehe nitawaletea. Itundikeni ukutani, msiitumie. Mwaliko wenu unasema "saa nne", na kijana aliyeuandika ningekuwa bado kazini ningemrudisha mlangoni. Mimi nitakuwa getini na Elibariki saa nne asubuhi, sifuri saba sifuri sifuri, saa ile ile aliyoruka. Nirudishieni kwa simu, nisikie mmeioza.